Ratiba Inayokula Usiku: Upungufu wa Usingizi kwa Wanafunzi wa Sekondari Buhinyuza, Burundi

Utangulizi

Mwanafunzi anayesinzia darasani huitwa mvivu. Siku hizi lawama imempata mshtakiwa mwingine: simu. Wazazi wa Bujumbura, Nairobi au Dar es Salaam wana haki ya kuishuku. Hata hivyo, shuku hiyo haina uzito mkubwa Buhinyuza, iliyokuwa komini ya vilima na mashamba huko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, eneo ambalo kwa mgawanyo wa mwaka 2025 limeingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Katika nchi ambamo takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye mwenye umeme, na vijijini wakiwa wachache zaidi, simu haiwezi kuwa mshukiwa wa kwanza. Makala hii inadai kwamba usingizi wa mwanafunzi wa kijijini unaliwa na ratiba. Shule, njia na nyumba kila moja inadai saa zake bila kujali jumla, na deni lote linalipwa na usiku.

Mwili wa kijana na saa yake

Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Mahitaji hayo hayapungui kwa sababu kijana amerefuka. Kinachobadilika ni wakati. Utafiti wa Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown umeonyesha kuwa katika balehe, homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kwa usingizi, huanza kutoka baadaye zaidi usiku. Kijana huchelewa kusinzia hata pasipo na kioo chochote cha simu mbele yake, na anapoamshwa alfajiri hukatiwa usingizi ambao mwili wake ulikuwa bado unauhitaji.

Hasara yake ni ya kielimu moja kwa moja. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipochapisha jaribio lao la Chuo Kikuu cha Cornell, imejulikana kuwa mtu hukumbuka zaidi alichojifunza akilala baada ya kusoma kuliko akibaki macho kwa muda uleule. Anayekesha vitabuni ili afaulu mtihani wa serikali anapunguza kile anachotafuta kuongeza.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano wa msichana wa shule ya kutwa anayeishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka shuleni, na masomo yanaanza saa 1:30 asubuhi. Ni lazima atoke nyumbani saa 12, jua linapochomoza. Kabla ya hapo amechota maji na kufagia, hivyo ameamka saa 11 alfajiri. Jioni anarudi kwenye kuni, maji na chungu cha maharage, chakula ambacho hakiivi upesi. Familia ikimaliza kula saa 2:30 usiku, ndipo anafungua daftari kwa mwanga wa tochi. Akilala saa 4:30, atapata saa sita na nusu, tena ikiwa hakuna homa ya malaria chumbani wala mdogo wake anayelia kwenye kitanda hichohicho. Akilinganishwa na kiwango cha chini cha saa 8, anakosa saa moja na nusu kila usiku. Kwa siku tano za masomo ni saa saba na nusu, karibu usiku mzima kila wiki.

Katika hesabu hiyo hakuna simu wala uvivu. Kaka yake, ambaye mara nyingi hapewi chungu, huenda akalala mapema zaidi. Kwa hiyo suala hili ni la usawa wa kijinsia pia.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza linatoka Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Wahadza wa huko, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii zinazoishi bila umeme, ulikuta wanalala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 tu. Je, usingizi mfupi si jambo la kawaida kwa binadamu? Jibu ni kwamba waliopimwa walikuwa watu wazima, tena wasioamshwa na kengele ya mtu mwingine. Utafiti mwingine wa Wahadza, wa mwaka 2017, uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20 na kukuta kwamba jumla ya dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja ni 18 tu. Nyakati za kulala zilitofautiana, na umri ulikuwa sababu mojawapo. Ratiba za shule zetu hupangwa na wazee ambao miili yao imekwisha kuzoea kuamka alfajiri, kisha kijana asiyeweza kuwafuata anaitwa goigoi.

Pingamizi la pili ni la maadili: mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo haipingani na usingizi, kwani kivuli ni sehemu ya ahadi yake. Mwanafunzi tuliyemhesabia siku anachumia juani na usiku pia.

Suluhisho lisiloigwa

California ilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika mwaka 2022, kwamba sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Seattle ilipochelewesha kengele mwaka 2016, watafiti walipima ongezeko la dakika 34 za usingizi. Buhinyuza haiwezi kunakili hatua hiyo ilivyo. Hapa jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na kuchelewesha asubuhi ni kumrudisha msichana nyumbani gizani.

Kenya nayo iliweka katika kanuni za elimu za mwaka 2015 kwamba wanafunzi wa bweni walale kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 12 asubuhi. Lakini malalamiko ya wanafunzi kuamshwa kwa masomo ya kujisomea ya alfajiri (prepu) hayajakoma. Kanuni isiyo na mkaguzi haimlazi mtu.

Kinachofaa Buhinyuza ni kuokoa saa za jioni. Shule haiwezi kuleta bomba la maji, lakini kazi za nyumbani ziko mikononi mwake. Kipindi cha mwisho kila siku kiwe cha kufanyia mazoezi, mchana, mwalimu akiwepo, na daftari lisidaiwe tena usiku. Anayechelewa kwa sababu ya umbali asiadhibiwe. Jambo hili lina haraka yake, kwa kuwa umeme unakuja: kituo cha nguvu za jua cha Mubuga, Gitega, chenye megawati 7.5, kilianza kazi mwaka 2021. Taa ikifika vijijini kabla ya utaratibu, itarefusha kazi za usiku na kufupisha usingizi zaidi.

Hitimisho

Usingizi ni kifaa cha kufundishia sawa na kitabu na dawati, na hauna gharama katika bajeti ya komini. Wakuu wa shule waanze kwa kumuuliza kila mwanafunzi maswali mawili: ulilala saa ngapi, na uliamka saa ngapi? Majibu yapelekwe kwenye kikao cha wazazi, na ratiba ipangwe upya kabla mwanafunzi mwingine hajaadhibiwa kwa kusinzia.