Nani Ndugu? Usawiri wa 'Wengine' katika Filamu ya "Brat"

Filamu ya Kirusi "Brat", yaani "Ndugu", iliyoelekezwa na Aleksei Balabanov na kuonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 1997, yaweza kutazamwa kama kisa cha uhalifu tu. Makala haya yanashikilia kuwa uhalifu ni gamba la nje. Kiini chake ni swali la kihistoria: baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika Desemba 1991, nani alistahili kuitwa ndugu?

Itikadi ya Kisovieti ilihubiri urafiki wa mataifa, na sinema ilikuwa mojawapo ya vyombo vyake. Katika "Tsirk" (1936), kazi ya Grigori Aleksandrov, mtoto mweusi wa mwanasarakasi kutoka Marekani anapokewa na watazamaji wa sarakasi wanaombembeleza kwa wimbo unaoimbwa kwa lugha mbalimbali za nchi hiyo. Matendo ya dola hayakuafikiana na taswira hiyo. Wachecheni walihamishwa kwa nguvu hadi Asia ya Kati Februari 1944, na hawakuruhusiwa kurejea kwao hadi mwaka 1957. Naye Solomon Mikhoels, aliyeimba ubeti wa Kiyidishi katika "Tsirk", aliuawa mwaka 1948, na sehemu yake ikaondolewa katika filamu. Ilirejeshwa miaka mingi baadaye.

"Brat" inaanzia pale ambapo ahadi hiyo imekwisha kuporomoka. Danila Bagrov, anayeigizwa na Sergei Bodrov mdogo, ametoka jeshini baada ya vita vya kwanza vya Chechnya (1994–1996). Anamfuata kaka yake Viktor jijini St. Petersburg, asijue kwamba Viktor ni muuaji wa kukodiwa. Kazi ya kwanza anayokabidhiwa ni kumuua mkubwa wa sokoni ambaye hadhira inamjua kwa kabila lake tu: Mchecheni. Hapewi usemi wa kutosha wala maisha nje ya soko. Katika tramu, watu wawili kutoka Kaukazi wanakataa kulipa nauli. Danila anawatolea bastola, na mmoja anapomsihi kwa kumwita ndugu, yeye anamjibu kwa tusi la ubaguzi kwamba hana undugu naye.

Je, huo ndio msimamo wa filamu yenyewe? Hapa mhakiki hana budi kutenganisha sauti ya mhusika na muundo wa kazi. Viktor, Mrusi halisi, anaitwa Mtatari kwa jina la utani. Kwa hiyo majina ya makabila yanaelea juu ya watu bila kuwaeleza. Danila anamwambia mchuuzi Hoffmann kwamba hawapendi sana Wayahudi, kisha anafarijika kusikia kuwa mwenzake ni Mjerumani. Hata hivyo, ni Hoffmann huyo, anayeishi na wasio na makao makaburini, anayemhifadhi, na mwishoni anakataa fedha zake. Zaidi ya hayo, msaliti wa Danila si mgeni bali ni Viktor, ndugu wa damu. Danila anamsamehe papo hapo. Huruma ambayo mgeni aliyemwita ndugu hakuipata, muuaji wa nasaba moja anaipata.

Muundo huo unafichua unafiki wa shujaa, lakini hauiondolei filamu lawama. Kejeli hugusa watu ambao kamera imewapa nyuso na historia: Hoffmann, Viktor, na Sveta, dereva wa tramu anayebaki na mume anayempiga. Mchecheni hakupewa nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, mtazamaji aweza kumcheka Danila au kumshangilia, na filamu haimzuii katika lolote. Hatari hiyo ilidhihirika katika "Brat 2" (2000), ambapo Danila anafika Chicago na jicho lile lile la dharau linawaelekea Waamerika weusi. Mtoto aliyepakatwa na kila taifa mwaka 1936 alikuwa chombo cha propaganda, lakini angalau alikuwa na uso. Miaka 64 baadaye, mtu mweusi katika sinema ya Kirusi alikuwa amerudishwa kwenye kundi lisilo na majina.

Basi, kuhesabu ni makabila mangapi yanayoonekana katika filamu hakutoshi. Tunapaswa kuuliza ni nani anayepewa haki ya kusamehewa.