Kuku akiugua Burumba: mtenge kwanza, dawa baadaye

Katika wadi ya Burumba, mjini Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba na heshima ya mgeni. Akiugua, wengi hukimbilia kisu au soko. Kabla ya hayo, jua kwanza kama ameumia au ana maradhi ya kuambukiza.

Vyovyote iwavyo, mtenge na wenzake. Mweke kwenye tenga au boksi lenye nyasi kavu, mahali penye joto pasipo upepo. Wenzake wakiona damu, humdonoa hata wakamuua. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Jeraha: Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe, ndipo uoshe kidonda. Kitazame kila siku, nzi wasije wakataga mayai humo. Jeraha la kina au mfupa uliovunjika mwachie daktari wa mifugo.

Chakula: Maji safi yawe karibu naye wakati wote. Asiyekula mpe ugali laini kidogo kidogo, na mchicha uliokatwakatwa. Usimmiminie maji kooni kwa nguvu, atapaliwa.

Kideri: Dalili zake ni kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, mabawa kulegea, shingo kupinda, na kuku kadhaa kufa kwa siku chache. Huletwa na virusi na hakina tiba. Antibiotiki hazikiui, na mabaki yake huingia kwenye mayai na nyama unayokula. Usimuuze mgonjwa wala kumvusha mpaka, kwani hivyo ndivyo maradhi yanavyohamia mabanda ya majirani. Waliokufa wachome moto au wafukie kwenye shimo refu, na uiarifu ofisi ya mifugo, maana homa ya mafua ya ndege nayo ina dalili zinazofanana.

Kinga ya kideri ni chanjo. Ile ya matone hutiwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, na hurudiwa takriban kila miezi 3. Wachanje wakiwa wazima. Kuku mpya kutoka sokoni, hata akionekana mzima, mtenge kwa wiki 2 kabla ya kumchanganya na wenyeji.