Faith Ringgold: Kutoka Ukutani hadi Mikononi mwa Watoto

Wanahistoria wa sanaa aghalabu huvihesabu vitabu vya watoto kuwa kazi ndogo. Maisha ya Faith Ringgold, mchoraji Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1930 na kufariki mwaka 2024, yanaikanusha hukumu hiyo.

Katika miaka ya 1960 Ringgold alichora picha kubwa zilizofichua ubaguzi wa rangi. Majumba makuu ya sanaa yalikuwa na nafasi haba kwa wasanii Weusi, naye akawa miongoni mwa waliolipinga Jumba la Whitney mwaka 1970. Baadaye aligeukia mifarishi ya viraka, akishirikiana na mama yake, mshonaji, na hatimaye akaandika hadithi juu ya nguo yenyewe.

Mfarishi wa mwaka 1988 uitwao Tar Beach ulizaa kitabu mwaka 1991. Humo Cassie, binti wa miaka minane, anapaa usiku juu ya daraja ambalo baba yake alishiriki kulijenga, ilhali baba huyo ananyimwa nafasi katika chama cha wafanyakazi. Taswira hiyo ina mizizi katika ngano za watumwa walioruka kurudi Afrika.

Mchoro wake Die, wa mwaka 1967, ulinunuliwa na Museum of Modern Art mwaka 2016. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kuusoma ujumbe wake kwa robo karne. Ujumbe haukupunguzwa uzito; kilichopanuka ni hadhira.