KAMARI: Mraibu aanzie wapi madeni yanapomlemea?

Ipo imani moja ambayo humzuia mraibu wa kamari kuanza kupona, nayo ni kwamba deni lililoletwa na kamari litalipwa na kamari. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kariobangi na Dandora hadi Kayole, Umoja na Jericho, imani hiyo hujitokeza kila wikendi ligi za Ulaya zinapochezwa. Kodi ya nyumba haijatimia, mwenye ploti amekwisha kubisha hodi, na Sh2,000 zilizosalia zinawekwa kwenye mkeka wa mechi kumi ili zizae maelfu.

Hesabu haimsaidii mtu huyo. Hata kama kila mechi kati ya hizo kumi ingekuwa na nafasi ya nusu kwa nusu, mkeka mzima ungefaulu mara moja tu katika majaribio 1,024. Jakpoti ya mechi 17, zenye matokeo matatu kila moja, ina namna zaidi ya milioni 129 za kubashiri. Ni kweli kwamba mnamo Mei 2017 kijana mmoja Mkenya alijishindia zaidi ya Sh221 milioni na habari zake zikaenea nchi nzima. Walioshindwa wiki hiyo hawakupigwa picha.

Kamari yenyewe si jambo geni nchini. Sheria ya kuisimamia ilitungwa mwaka wa 1966. Kilichobadilika ni simu. M-Pesa ilianzishwa mwaka wa 2007, mikopo ya M-Shwari ikafuata Novemba 2012, SportPesa ikaingia sokoni 2014, na Fuliza ikazinduliwa Januari 2019. Hivyo basi, benki, mkopeshaji na kasino vikakutana katika kiganja kimoja. Serikali ilipokataa kuongeza muda wa leseni za kampuni 27 za kamari mnamo Julai 2019, nyingine ziliendelea na biashara. Sheria mpya ya kudhibiti kamari ilitiwa saini mwaka wa 2025, lakini hakuna sheria inayoweza kumfungia mtu simu yake usiku wa manane.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si kuapa mbele ya jamaa. Viapo vya aina hiyo aghalabu huvunjika siku ya mshahara. Hatua ya kwanza ni kuziba njia ambayo pesa hupitia. Mraibu anaweza kuiandikia kampuni ya kamari akitaka akaunti yake ifungwe, akafuta programu zake zote, akazuia jumbe za matangazo na kujiondoa katika Fuliza baada ya kulipa anachodaiwa. Anayelipwa kwa mwezi huwa na nafuu akiomba mshahara wake upitie chama cha akiba na mikopo au akaunti ya benki isiyounganishwa na simu, ili baina ya tamaa na pesa pawe na safari ya kwenda kupanga foleni.

Kwa anayelipwa kila jioni mambo ni magumu zaidi, na wengi wa wakazi wa Eastlands wako katika kundi hili: kondakta wa matatu, fundi wa jua kali Kariobangi, mchuuzi wa mitumba Gikomba, mwendeshaji wa bodaboda. Kwake yeye kila jioni ni siku ya mshahara. Ushauri wa kupanga bajeti ya mwezi haumfai. Linalomfaa ni kuigawa pesa kabla haijalala: ya chakula aikabidhi nyumbani, ya kodi ampelekee mwenye nyumba kidogo kidogo kila siku iwapo atakubali, na ya akiba aitoe kwenye chama kinachokusanya kila siku. Anapoingia kitandani asiwe na zaidi ya nauli ya kesho. Mwenye gari anayekubali kumlipa sehemu ya ujira wake kwa wiki humsaidia pengine kuliko mhubiri.

Baada ya hapo ndipo madeni huandikwa, yote, kwenye karatasi moja: mikopo ya simu, kioski, shailoki, shemeji, mdhamini aliyetia saini kwenye sako. Deni linalofichwa ndilo humrudisha mtu kwenye kamari, kwa kuwa hutafuta namna ya kulilipa bila ya mwenzake kujua. Karatasi hiyo sharti aione mtu mmoja mwingine anayeaminika. Mara nyingi jumla huwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na usiku huo ni mchungu.

Sumu kubwa katika orodha hiyo huwa ni mkopo wa kulipia mkopo. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa kiwango hicho, anayekopa Sh10,000, akazirejesha na kukopa upya papo hapo kila mwezi, atakuwa amelipa Sh9,000 za ada baada ya mwaka mmoja huku deni likiwa palepale. Kukoma kukopa huja kabla ya kulipa. Kodi, chakula na karo vitangulie. Wadai wengine waendewe mapema na kuahidiwa kiasi kidogo kinachoweza kutimizwa. Mweka hazina aliyecheza kamari kwa pesa za chama ana jambo zito zaidi, kwa kuwa linaweza kumfikisha mahakamani. Hata hivyo, akiwaendea wenzake kabla hawajagundua, huwa na nafasi bora ya kukubaliwa kulipa.

Wadai nao wana mipaka. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa ili kumwaibisha. Anayetendewa hivyo ahifadhi jumbe hizo na kulalamika kwa Benki Kuu, au kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Katika siku za mwanzo mwathiriwa huweza kukosa usingizi, akawa mkali, akahisi utupu hasa saa za mechi. Hospitali ya Mathari iliyoko kando ya Barabara ya Thika hutibu maradhi ya akili, na daktari wa hospitali ya karibu kama Mama Lucy Kibaki anaweza kumwelekeza kwa mshauri nasaha. Anayefikiria kujitoa uhai apige nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, isiyolipishwa. Asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Wengi huteleza angalau mara moja. Anayeteleza Jumamosi amwambie msiri wake Jumapili, kabla hajakopa ili kuficha, na arejee kwenye karatasi ileile.

Kuhusu rekodi ya mikopo, kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa shirika la marejeleo ya mikopo, yaani CRB. Deni likishalipwa, mkopeshaji hutakiwa kurekebisha rekodi ionyeshe hivyo, ingawa historia ya kuchelewa huweza kubaki kwa miaka mitano. Risiti zote zihifadhiwe kwa muda huo.