Uvuvi na Hali ya Hewa katika Bwawa la Nyumba ya Mungu

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kusini mwa mji wa Moshi, umbali wa kilomita 50 hivi, mahali ambapo wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro zinapakana. Lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa kuzuia maji ya Mto Pangani, ili kufua umeme na kudhibiti maji yanayoteremka kuelekea vituo vingine vya umeme, kikiwemo cha Hale. Kituo chake kina uwezo wa megawati 8. Pamoja na umeme, bwawa lilizaa uvuvi mkubwa ambao hadi leo unalisha masoko ya Moshi, Mwanga na vijiji vya jirani. Uvuvi huo unategemea hali ya hewa ya aina mbili: upepo wa siku hiyo, na mvua iliyonyesha milimani miezi iliyopita.

Mahali na maji yake

Bwawa liko karibu mita 690 juu ya usawa wa bahari, katika tambarare kame iliyokingwa na Milima ya Pare upande wa mashariki. Mvua ya hapo ni haba. Maji mengi huletwa na mito miwili: Kikuletwa, unaokusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro, na Ruvu, unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Ndiyo maana maji yanaweza kujaa chini ya jua kali, bila tone kudondoka ufukweni.

Mpangilio wa siku

Mvuvi wa nyavu za kutega hutoka alasiri kwenda kuzitandaza, kisha hurudi alfajiri kuzitegua. Wengine hutumia ndoano, na wengine migono kwenye matete. Chombo cha kawaida ni mtumbwi au boti ndogo ya mbao, yenye watu wawili au watatu. Samaki hufikishwa mwaloni asubuhi, ambako wachuuzi hununua wabichi, na wanaobaki hukaushwa au kukaangwa ili wasiharibike.

Ratiba hiyo inafuata tabia ya samaki na ya upepo pia. Usiku samaki hauoni wavu vizuri. Alfajiri hewa mara nyingi ni tulivu, kwa sababu ardhi imepoa. Jua likipanda, tambarare hupata joto, hewa hupaa, na upepo huongezeka hadi alasiri. Anayechelewa kutegua hurudi na mzigo mzito wakati mawimbi yamekwisha kuinuka.

Upepo na mawingu

Bwawa ni refu kutoka kaskazini kwenda kusini, na kina chake si kikubwa. Upepo wa kusi, unaotawala katikati ya mwaka, hupata nafasi ndefu ya kuyasukuma maji, hivyo mawimbi hukua kadiri yanavyosafiri kuelekea kaskazini. Kwa kuwa kina ni kidogo, mawimbi hayo huwa mafupi, yenye kusimama na kufuatana upesi. Mtumbwi uliojaa nyavu zilizolowa hauhitaji wimbi kubwa ili uingie maji.

Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, huonekana vizuri asubuhi, lakini mawingu huanza kuufunika kabla ya adhuhuri. Kilele cheupe alfajiri si ahadi ya siku tulivu. Dalili za hatari ziko karibu zaidi: wingu jeusi linalokua kwa kasi, vumbi linaloinuka ng'ambo, ubaridi wa ghafla, na radi. Mvua ya ngurumo hutanguliwa na upepo mkali, na mtu aliye katikati ya maji ndiye kitu kirefu kuliko vyote vinavyomzunguka.

Mvua, kina na samaki

Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huongeza maji ya mito. Lakini kabla hayajafika bwawani, maji hayo hupita kwenye mifongo (mifereji ya jadi) ya Wachaga, mashamba ya mpunga ya Moshi chini na mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC. Mvua ikichelewa, kila mtumiaji huongeza mahitaji yake, na bwawa hupungua.

Kupungua huko humgusa perege moja kwa moja. Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi ya ukingoni. Maji yakirudi nyuma haraka, viota hubaki nchi kavu na vifaranga hukosa maficho ya majani. Bwawani wamo perege wa Jipe (*Oreochromis jipe*), ambaye asili yake ni bonde la Pangani peke yake, ngege aliyeletwa kutoka Ziwa Victoria, na kambale anayestahimili matope.

Usalama na usimamizi

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni za mwaka 2009 zinakataza zana haribifu kama kokoro na nyavu za timba (za uzi mmoja wa nailoni), na vikundi vya wavuvi husaidia ulinzi ufukweni. Serikali pia imewahi kusimamisha uvuvi bwawani ili samaki wazaliane. Hatua hizo ni za haki pale tu zinapozingatia kiasi cha maji: mwaka wa ukame, wavu uleule huumiza zaidi, kwa kuwa samaki wamebanana mahali padogo.

Kwa usalama wa mtu, vifaa vya lazima ni jaketi okozi, kopo la kukumba maji, tochi, na simu iliyofungwa isilowe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe kabla ya kutoka, kisha ulinganishwe na anga. Wenye vyombo wanaodai hesabu ya kila siku wanapaswa kukubali kwamba siku ya dhoruba haina hesabu. Nyavu zinazoachwa majini zinaweza kuteguliwa kesho, na kijana anayelazimishwa kuzifuata kwenye upepo mkali huenda asirudi. Haki ya kubaki nchi kavu inastahili kuandikwa katika taratibu za kila mwalo.