Nahodha, Bendera na Abiria: Habari za Ulinzi na Kuzuiwa kwa Watu Vyomboni

Abiria apandaye basi katika stendi kuu ya Dodoma, hapa Nzuguni, akielekea Dar es Salaam, ana haki moja ambayo haifikirii kwa kuwa ameizoea. Akichoshwa na dereva au na jirani yake, aweza kushuka Kibaigwa au Gairo akatafuta gari jingine. Akikosa adabu yeye mwenyewe, kondakta atamshusha. Na ugomvi ukizidi, kituo cha polisi ki njiani. Abiria wa baharini hana pa kushukia, wala nahodha hana polisi wa kumwita. Kwa sababu hiyo watu wa bahari wamekuwa tangu kale na namna yao wenyewe ya kulinda na ya kuzuia watu, nayo imerithiwa na merikebu za moshi kutoka kwa majahazi, na kutoka kwa merikebu za moshi imefika katika meli kubwa za matembezi ziingiazo siku hizi Zanzibar na Mombasa zikiwa na watalii kwa mamia na maelfu. Nakusudia kuifuata habari hiyo katika bahari yetu, nipate kuonyesha kwamba kitasa kimlindacho abiria na kitasa kimfungacho ni kimoja, na kwamba ajuaye kipi ni kipi ni nahodha, pamoja na ile bendera iliyo mlingotini.

Maneno yenyewe yatufaa kwa kuanzia. Neno nahodha asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Abiria latokana na Kiarabu, nalo lataja mtu mwenye kuvuka. Basi mmoja ni bwana, na mwingine ni mpita njia tu. Na uhusiano huo haujabadilika sana, ingawa jahazi la tani mia limekuwa meli yenye ghorofa kumi na zaidi. Wahenga waliosema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama walikuwa wakieleza kanuni ya utawala kabla haijaandikwa katika sheria yoyote.

Katika safari za kaskazi na kusi nahodha alikuwa mwamuzi wa kila jambo. Ndiye aliyegawa maji, aliyeonyesha nani alale wapi, na aliyekata shauri wawili wakigombana. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr Nejdi, likapakia wasafiri katika pwani ya Hadhramaut na kuwaleta Afrika ya Mashariki. Wanaume walijazana juu ya sitaha, juu ya mizigo, kila mtu na pahali pake pa upana wa mkeka. Wanawake walitiwa katika chumba kilicho chini ya shetri, wakakaa humo kwa joto na giza siku zote za safari. Lau angaliulizwa, nahodha angalijibu kwamba hiyo ilikuwa heshima na ulinzi wao, na huenda waume zao wangaliafiki. Walivyoona wanawake wenyewe, kitabu cha Villiers hakisemi, kwa sababu mgeni mwanamume hakuwa na njia ya kuwauliza.

Kabla ya hapo palikuwa na kuzuiwa kwa namna nyingine, ambako hakukuwa na udhuru wa heshima. Watu wa bara, wakiwemo waliopitishwa katika njia ya misafara ya Ugogo kutoka nchi za maziwa, walishushwa pwani na kupakiwa majahazini kama shehena. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulikataza usafirishaji wa watumwa baharini, na tangu katikati ya miaka ya 1870 manowari London ilitia nanga Zanzibar ili kuutekeleza kwa mashua zake. Wenye vyombo walitafuta hila, na hila kubwa ilikuwa neno lile lile, abiria. Mtumwa aliandikwa katika hati kuwa msafiri au baharia, akafunzwa la kusema akiulizwa. Hila ya pili ilikuwa bendera. Baadhi ya vyombo, hasa vya watu wa Sur katika Omani, vilipata hati za Kifaransa, na chombo chenye bendera ya Ufaransa hakikuweza kupekuliwa na Mwingereza. Aliloruhusiwa ni kutazama hati tu. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa London, alikikaribia chombo cha namna hiyo karibu na Pemba kwa nia ya kuona hati zake. Mabaharia wa chombo hicho walimshambulia, akauawa.

Shauri hili la bendera lilifika Mahakama ya Usuluhishi huko The Hague, nayo ikatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Ilikubali kwamba Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera yake kabla ya tarehe 2 Januari 1892, lakini baada ya siku hiyo isiwape watu wapya, isipokuwa wale waliothibitisha kwamba walihesabiwa kuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Wanasheria huisoma hukumu hii kama habari ya madola mawili yaliyoshindana. Mimi naona yafaa isomwe kwa upande wa aliyekuwa chini ya sitaha. Kwake yeye, kipande cha kitambaa kilichofungwa juu, ambacho hakukiona, ndicho kilichoamua kama mlango utafunguliwa au la.

Bendera iliyoweza kufunga iliweza pia kuokoa. Seyyid Khalid bin Barghash alipokimbia jumba la Sultani baada ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, aliingia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Zanzibar. Askari wa Kiingereza walikaa nje wakimngoja aweke mguu barabarani. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa hata kufika bustani ya ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ilikuja mpaka hapo. Seyyid Khalid akatoka katika ardhi ihesabiwayo ya Ujerumani, akaingia katika mbao zihesabiwazo za Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam bila kukanyaga udongo wa Zanzibar. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata, na safari hii merikebu ikawa njia ya kumpeleka uhamishoni, St. Helena na kisha Shelisheli. Mtu mmoja, basi, aliokolewa na chombo na kufungwa kwa chombo, na tofauti ilikuwa bendera tu.

Merikebu za moshi zilipoanza kufika kwa ratiba, Kampuni ya British India ikileta barua Zanzibar tangu mwaka 1872 (na neno meli lenyewe latokana na neno la Kiingereza la barua za posta), abiria waligawanywa kwa madaraja. Wenye fedha walikuwa na chumba, kitanda na meza ya kulia. Abiria wa sitaha alikuja na mkeka wake, chungu chake na unga au mchele wake, na kamba iliyokuwa mpaka wake haikuhitaji mlinzi mwenye bunduki, kwa kuwa kila mtu aliijua. Mgawanyo huo ulionekana zaidi maradhi yalipotokea. Tauni ilizuka Bombay mwaka 1896, na mwaka uliofuata mataifa yalikutana Venice kuweka masharti juu ya vyombo vitokavyo katika bandari zenye tauni. Venice ndiko lilikotoka neno karantini, yaani siku arobaini. Chombo kilitweka bendera ya manjano, kikangoja nje, na hakuna aliyeshuka mpaka daktari wa bandari aseme.

Huko Zanzibar kisiwa cha Changuu kilikuwa na majengo yaliyokwisha kuwa tayari. Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikuwa ameyajenga katika miaka ya 1890 yawe gereza. Wafungwa hawakupelekwa; badala yake wakapelekwa wasafiri, waliowekwa chini ya uangalizi wiki moja au mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Wageni wanaokwenda leo kuwatazama kobe huambiwa kwamba hicho ni Kisiwa cha Gereza, nao hupiga picha kuta zake wakidhani walifungwa humo wahalifu. Waliokaa humo walikuwa watu waliolipa nauli.

Sasa nije kwenye meli za matembezi. Sitaha zake za juu zina mabwawa ya kuogelea na muziki, na mtazamaji haoni ulinzi. Lakini upo, na umepangwa kwa uangalifu. Kila abiria hupewa kadi. Atokapo na arudipo kadi hiyo husomwa na mashine, na sura yake huonekana mbele ya mlinzi, hata meli ikajua saa yoyote nani yumo na nani hayumo. Mizigo hupitishwa katika mashine ya kupekulia. Kamera zimewekwa katika ujia na ngazi. Juu ya walinzi yupo mkuu wao, ambaye mara nyingi ni askari au polisi mstaafu, naye yuko chini ya nahodha. Utaratibu mwingi wa namna hii umetokana na misiba. Tarehe 7 Oktoba 1985 meli ya Kiitalia Achille Lauro ilitekwa na watu wenye silaha waliopanda kama abiria, na abiria mmoja mlemavu, Leon Klinghoffer, akauawa; ndipo ukafanywa mkataba wa Roma wa mwaka 1988 juu ya uhalifu dhidi ya usalama wa vyombo. Meli hiyo hiyo iliungua na kuzama mbele ya pwani ya Somalia mwaka 1994. Baada ya mashambulio ya Marekani ya Septemba 2001, mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za ulinzi wa meli na bandari, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004.

Abiria akipigana, akiiba, au akishtakiwa jambo zito zaidi, mkuu wa walinzi huandika maelezo na kuyapeleka kwa nahodha. Nahodha aweza kuamuru akae chumbani mwake, mlinzi akisimama mlangoni. Au awekwe katika mahabusu ya meli, chumba kidogo kilicho chini, chenye kitanda na choo na kisicho na kitu cha kujidhuru. Katika bandari ijayo hukabidhiwa polisi, au hushushwa tu pamoja na sanduku lake, atafute nauli ya kurudi kwao. Hakuna hakimu katika shauri hili. Kwa meli za Kiingereza, sheria ya mwaka 1995, fungu la 105, yampa nahodha uwezo wa kumzuia mtu yeyote kwa kadiri aonavyo kuwa lazima au yafaa kwa usalama na utulivu. Maneno ni machache, na nguvu yake yote imo katika hayo ya aonavyo.

Upande wa pili wapo walioumizwa. Mwenye kudhulumiwa katika meli yuko mbali na polisi kama alivyo mshtakiwa, na walinzi ambao angewaendea huajiriwa na kampuni ile ile yenye hofu ya kuharibiwa jina. Kwa muda mrefu malalamiko ya namna hii yalikuwa yakipotea baina ya bandari na bandari. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 kwamba meli zinazopakia au kushusha abiria katika bandari zake ziripoti makosa makubwa kwa wapelelezi wa serikali, ziwe na tundu la kuchungulia katika milango ya vyumba, na kingo za sitaha zisipungue inchi 42. Tundu la mlango ni kitu kidogo, lakini ni mara chache sheria kumkumbuka aliye upande wa ndani.

Bahari yetu ilijaribu ulinzi huo wakati wa maharamia. Tarehe 5 Novemba 2005 meli Seabourn Spirit, ikija Mombasa, ilishambuliwa mbele ya Somalia kwa bunduki na makombora. Nahodha aliwakusanya abiria ndani, mbali na madirisha, huku walinzi wawili wakiwakabili wavamizi kwa mpira wa maji na chombo cha kutoa sauti kali ya kuumiza masikio. Meli ikaponyoka na kugeukia Shelisheli. Mwezi wa Aprili 2009, MSC Melody, iliyotoka Durban, ilivamiwa usiku katika bahari hiyo hiyo. Abiria waliowaona wavamizi wakipanda kwa kamba waliwatupia viti na meza, walinzi wakapiga risasi, na baadaye kila mtu akaamriwa arudi chumbani na taa zizimwe. Hakuna aliyelalamika kwamba amefungiwa.

Walilalamika mwaka 2020. Meli Diamond Princess, yenye bendera ya Uingereza, ilizuiwa Yokohama mwezi wa Februari ikiwa na watu 3,711, na 712 kati yao wakaonekana wameambukizwa ugonjwa wa korona. Abiria walifungiwa vyumbani. Mwenye chumba chenye roshani alipata hewa. Wa vyumba vya ndani visivyo na dirisha aliruhusiwa kutoka kwa zamu. Wahudumu, waliolala wawili wawili au zaidi chini ya maji, waliendelea kupika na kupeleka chakula mlango kwa mlango, hivyo kwamba karantini iliyowatenga abiria iliwezekana kwa kutowatenga wao. Abiria walipokwisha kurudishwa kwao, makumi ya maelfu ya wahudumu wa meli za matembezi duniani walibaki baharini kwa miezi, bandari zikiwa zimefungwa. Kamba ya abiria wa sitaha ilikuwa imehamia upande wa watumishi.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 waendelea kuiachia dola ya bendera mamlaka juu ya meli iliyo katika bahari kuu, na meli nyingi za matembezi huchukua bendera za Bahama, Panama, Bermuda au Malta, ambako wenye kampuni na abiria wengi hawakai. Msomaji asidhani kwamba hilo ni la wengine. Kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 2006, meli za wageni ziliweza kusajiliwa visiwani na kupeperusha bendera ya Tanzania. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa miongoni mwao, zikafutwa. Na mwezi wa Januari 2018, baada ya vyombo vyenye bendera hiyo kukamatwa na shehena haramu, Rais John Magufuli aliamuru usajili wa meli za nje usimamishwe na zilizokwisha sajiliwa zichunguzwe. Uchunguzi ulioagizwa ulihusu silaha na dawa za kulevya. Juu ya watu walioko ndani ya vyombo hivyo, na ni nani awasikilizaye nahodha akiwafungia mlango, haukuamriwa kuuliza.