Ngoma za Witeithie: mugithi wavuma, mwomboko watafuta warithi

WITEITHIE ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Thika, baada ya Juja. Jina hilo la Kikuyu lina maana ya "jisaidie mwenyewe", na tangu 2013 ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu.

Kwa upande wa muziki, mji huu umebahatika kuwa na majirani wenye sifa. Ng'ambo ya Thika iko Gatanga, kwao Daniel Kamau, maarufu DK, aliyezaliwa 1949 na ambaye nyimbo zake za benga zimechezwa na vizazi vitatu. Upande wa mashariki upo mlima Kilimambogo, uliolipa jina kundi la Les Kilimambogo Brothers lake Kakai Kilonzo (1954-1987), ambaye aliimba kwa Kikamba na Kiswahili. Mkazi wa Witeithie, awe Mkikuyu au Mkamba, hana haja ya kwenda mbali kutafuta ngoma ya kujivunia.

Hata hivyo, ngoma ambayo wazee wa sehemu hizi huikumbuka kwa hamu zaidi ni mwomboko. Ngoma hii ilishamiri Kenya ya Kati katika miaka ya 1940. Huchezwa na wanaume na wanawake wakiwa wawili wawili, kwa hatua chache, kuinama kidogo, kisha mzunguko. Ala zake kuu ni mbili tu: akodioni, ambayo wenyeji huiita kinanda, na karing'aring'a, yaani duara la chuma linalogongwa kwa kijiti cha chuma. Asili yake ni mchanganyiko. Waafrika walitazama dansi za Wazungu, wakachukua kinanda na mtindo wa kushikana, kisha wakatia maneno na midundo yao. Anayedai kwamba mwomboko ni ngoma ya kale isiyochanganyika amekosea, na anayeiona kuwa uigaji mtupu amekosea zaidi.

Serikali ya kikoloni haikuwa na masihara na ngoma. Muthirigu, zilizokuwa nyimbo za kupinga wamishonari na watawala, ulipigwa marufuku mwanzoni mwa 1930. Wakati wa hali ya hatari, kati ya 1952 na 1960, mikusanyiko ilidhibitiwa vikali, na ngoma za vijijini zikaathirika pamoja nayo.

Ikumbukwe pia kwamba uhuru haukumaliza hofu hiyo. Huko Kamirithu, Limuru, katika kaunti hiyohiyo ya Kiambu, wanakijiji na wafanyakazi wa viwandani na mashambani walijenga ukumbi wa wazi, na mnamo Oktoba 1977 wakaigiza mchezo wa Kikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Wazee ndio waliosahihisha nyimbo na lugha. Leseni ilifutwa kabla ya mwaka kwisha, Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mnamo 1982 ukumbi ukabomolewa.

Leo ngoma haikatazwi na askari. Kinachoipunguza ni soko. Mugithi, neno linalomaanisha garimoshi, umetawala baa na sherehe tangu miaka ya 1990, na Mike Rua ni miongoni mwa walioupa umaarufu. Mtu mmoja mwenye gita na mtambo wa midundo huwakesheza wateja hadi alfajiri, huku wachezaji wakishikana kwa mstari mithili ya mabehewa. Mwenye baa humlipa mtu mmoja badala ya kumi. Kundi la mwomboko, kwa upande wake, huitwa kwenye harusi, sherehe za mahari au mikutano ya wanasiasa, likapewa dakika chache kabla ya hotuba. Katika dakika hizo hakuna kijana anayeweza kujifunza mzunguko, sembuse kinanda, ambacho ni ghali na kina vibati vyembamba ndani vinavyohitaji fundi mwenye sikio.

Kuhusu malipo, mwanamuziki anayetunga wimbo wake analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mwomboko wa zamani hauna mtunzi mmoja anayejulikana, hivyo kwa muda mrefu haukuwa na mwenyewe mbele ya sheria. Pengo hilo lilishughulikiwa mnamo 2016, Bunge lilipopitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, inayotambua jamii nzima kuwa mmiliki na kuzipa kaunti jukumu la kuweka sajili. Katiba ya 2010 nayo ilikuwa imekwisha kuzikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani. Kwa hiyo kundi la Witeithie linalotaka ngoma yake iandikwe, au linalodai uwanja wa mazoezi, mlango wake wa kwanza wa kubisha ni ule wa serikali ya Kaunti ya Kiambu.